Gharama za Ng'ombe wa Saba

Jumatatu, 2 Agosti 1937. Kitale.

Nimeshinda kesi. Msiba ulioje!

Naandika haya ili siku moja watu wajue kwamba nilikuwa na akili. Mimi, Zakaria Wabwile, karani wa godauni katika stesheni ya Kitale, nilimshtaki mke wangu Nanyama ili arudi nyumbani. Alikwenda kwa baba yake Kibabii mwezi wa Machi, baada ya mimi kuuza cherehani yake na kununua nusu ya mashine ya kusaga unga. Nusu ya chini. Mwenye nusu ya juu alihamia Uganda. Basi Kagwe, mwandishi wa barua za kesi hapa sokoni, akanishauri niombe talaka. Ati mwanamke akilisikia neno hilo mbele ya wazee hulia, wazee humkemea kidogo, na jioni yuko jikoni kwake anapika. Nilimlipa shilingi tatu kwa hekima hiyo.

Ijumaa, kule Bungoma, wazee wa baraza walimwuliza Nanyama kama anakubali. Alikubali kabla karani hajachovya kalamu. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na wazee wakadhani ni furaha.

Hukumu: ndoa imevunjwa. Baba mkwe wangu, Mzee Mukhisa, arudishe ng'ombe wote saba wa mahari, kwa kuwa Mungu hajatujalia mtoto. Gharama zote ni juu yangu, maana kesi niliileta mimi.

Lakini tumaini lipo. Kwetu karatasi haimalizi ndoa, ng'ombe ndio huimaliza. Maadamu ng'ombe mmoja wa mahari yangu analala katika boma la Mukhisa, Nanyama ni mke wangu, na mwanamume atakayemchukua atatozwa faini. Kagwe hakuyajua hayo. Amesema kwao Nyeri ni mbuzi, na akaomba shilingi ya chai. Kazi yangu sasa ni moja tu: ng'ombe wasirudi.

Jumatano, 4 Agosti.

Mvua tangu saa nane. Nimepika ugali. Umeungua chini na juu ni uji. Nanyama alikuwa akichekecha unga huku akiimba kwa pua, wimbo mmoja tu, nami nilikuwa nikimwambia anyamaze nisome gazeti. Leo gazeti nimelisoma lote. Nyumba kimya. Ningetoa mshahara wa mwezi niusikie ule wimbo mara moja.

Nimepata njia! Hukumu haijitekelezi. Aliyeshinda hulipa ada, ndipo askari wa baraza huenda kuswaga ng'ombe. Nisipolipa, askari hatoki. Asipotoka, ng'ombe hawatoki. Nitakaa tu hapa Kitale nisilipe chochote. Mara ya kwanza maishani mwangu ubahili na mapenzi vimekwenda pamoja.

Nimemweleza Kagwe. Amesema ni shauri zuri sana, na kwa kulisikiliza anadai senti hamsini.

Jumamosi, 7 Agosti.

Mukhisa ameniharibia. Huyu mzee ni Mkristo kupita kiasi. Barua yake imefika kwa treni: ati hapendi kukaa na mali ya mtu, ada ya askari amelipa yeye mwenyewe, na baraza limeiandika kwenye gharama zangu. Ng'ombe watatu tayari wamepelekwa Kamukuywa kwa kaka yangu Nyongesa. Tena Nyongesa amewapokea! Ametia kidole gumba kwenye karatasi, akamshukuru askari, akampa ndizi.

Wamebaki wanne. Wino umemwagika kwenye vocha za mahindi.

Nimemwomba stesheni masta ruhusa. Nimesema nyanya yangu yuko mahututi. Amefungua daftari, akanionyesha kwamba nyanya huyo alikufa Februari, na kabla ya hapo mwaka jana. Nimemweleza kwamba kwetu nyanya ni wengi. Amenipa ruhusa kwa uchovu.

Jumapili, 8 Agosti. Kamukuywa.

Nimefika kwa baiskeli, matope hadi magotini. Nyongesa ananenepa kwa maziwa. Nimemwambia amevunja nyumba yangu. Akasema, "Si wewe ndiye uliwashtaki, bwana? Mtu hushtaki kwa miguu miwili halafu analia wakimlipa!" Nikamwambia hajui mambo ya sheria. Akasema kweli, na akaninywea hata chai yangu.

Shauri jipya. Nitaweka pingamizi. Nitasema ng'ombe wa Mukhisa si wale niliotoa. Wangu walikuwa wakubwa zaidi. Kesi ya kumtambua ng'ombe inaweza kuchukua miaka miwili, nimewahi kusikia ya Malakisi ambapo ng'ombe alikufa kwa uzee kabla ya hukumu. Ada ya pingamizi ni shilingi nne. Nimeazima kwa Nyongesa, nikamwambia ni za nyanya.

Alhamisi, 12 Agosti. Bungoma.

Pingamizi limesikilizwa siku moja. Siku moja tu!

Wazee wamesema maneno ya nini, twende bomani tukawaone wale wanne waliobaki. Tumekwenda Kibabii: wazee wawili, karani, askari, na chakula chao wote juu yangu. Nimesimama mlangoni mwa boma nikasema kwa sauti kwamba ng'ombe hawa siwajui, sijapata kuwaona. Papo hapo akaja Nyange, yule mtamba mweupe niliyemlea mwenyewe tangu ndama, akaingiza pua katika mfuko wa koti langu. Huwa naweka chumvi humo ya kulia mayai. Amelamba mfuko, amelamba mkono, amelamba kofia. Wazee wamecheka hadi mmoja akakaa chini.

Pingamizi limetupwa, na gharama juu yangu tena. Wengine watatu wameswagwa jioni hii hii. Nyange peke yake amebaki, askari akasema atamfuata siku nyingine.

Lakini nimemwona Nanyama. Alitoka na viti vya wageni. Nilidhani mimi ataniruka. Hakuniruka. Ameweka kigoda mbele yangu, akakifuta kwa khanga kabla sijakaa. Amekonda kidogo mashavuni. Nilitaka kumwambia nimeacha kusoma gazeti. Nikamwambia pingamizi langu lina kifungu cha pili. Akaenda zake.

Nimeumia kuliko siku ya hukumu. Sikujua mtu anaweza kuumia kwa kufutiwa kigoda.

Jumamosi, 14 Agosti.

Bado niko Bungoma. Nyanya hajafa.

Nimesikia habari za Absalom, mwalimu wa shule, mjane, mwenye taa ya karabai na pea mbili za viatu. Ati amepita Kibabii mara tatu, na kila mara amemwuliza Mukhisa wamebaki ng'ombe wangapi. Anahesabu ng'ombe wangu! Leo nimekutana naye njiani. Amenisalimu kwa adabu, akaniuliza nyanya anaendeleaje. Mtu mbaya sana. Viatu vyake vilikuwa safi katika matope yale yale yaliyonila mimi.

Jumapili, 15 Agosti.

Siku kubwa. Niandike polepole nisikosee.

Baada ya ibada Nanyama amenikuta Kanduyi, pale njia ya Kibabii inapoanzia. Alikuwa peke yake. Tumesimama. Niliyatayarisha maneno ya Kagwe kuhusu kifungu cha pili, yakanitoka kichwani.

Amesema ni yeye aliyemwomba baba yake ambakize Nyange. Askari alitaka kumchukua Alhamisi ile ile, yeye akasema ng'ombe aachwe kwanza. Nikamwuliza kwa nini.

"Miezi mitano nilikungoja, Wabwile," akasema. "Nilisema atakuja, atakaa, atasema ameuza cherehani na amekosa. Basi. Aliyekuja ni askari na karatasi."

Nikamwambia karatasi ile ilikuwa ya mapenzi. Akasema yeye hakusoma mapenzi humo, alisoma shauri namba fulani.

"Baba atamshika Nyange mpaka Ijumaa jua likizama. Njoo Ijumaa. Njoo wewe mwenyewe, bila Kagwe, bila karatasi. Uongee na baba, na mimi nitasikia nikiwa jikoni."

Nimeitikia. Nimeitikia mara nne. Alipokwenda nilibaki pale njiani hadi mtu mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nampenda mke wangu. Nimeliandika hapa kwa wino, sijapata kuliandika popote.

Jumatano, 18 Agosti. Kitale.

Nimemweleza Kagwe kila kitu, kama rafiki tu. Amefurahi kwa ajili yangu. Kisha akauliza: na kama Mukhisa atabadili nia Alhamisi? Na kama Absalom atamhonga askari? Neno la mdomo, amesema, hupeperushwa na upepo. Kinachotakiwa ni amri ya baraza ya kumzuia ng'ombe asitoke bomani. Nikiwa na amri mfukoni nitaongea na Mukhisa kwa moyo mtulivu.

Nimefikiri usiku kucha. Nanyama alisema bila karatasi. Lakini karatasi ikiwa mfukoni, nani ataiona? Ni tahadhari tu. Kinga ni bora kuliko tiba. Shilingi tano kwa Kagwe, sita za ada. Nimeweka rehani koti la mvua.

Ijumaa, 20 Agosti. Bungoma.

Sijui nianzie wapi.

Nilifika barazani saa mbili asubuhi. Mbele yangu watu kumi na wanane: mipaka, mbuzi, mtu na jirani yake juu ya mti wa mvule. Nilijua Kibabii ni mwendo mfupi. Saa sita nilisema ningoje kidogo. Saa nane nilisema nikitoka sasa nitapoteza shilingi sita. Saa kumi na mbili kasorobo nikaitwa. Wazee wakaniuliza kama mzee Mukhisa amekataa kumshika ng'ombe. Nikasema hapana, amekubali. Wakatazamana. Wakanipa amri, nadhani ili niondoke.

Jua likizama nikaruka juu ya baiskeli. Karibu na Kibabii nikakutana na askari anaswaga ng'ombe mweupe. Njia nyembamba. Nikashuka, nikawapisha, hata nikamwambia askari pole kwa kazi. Ng'ombe akanusa koti. Nikampiga kofi la shingo apite. Nilikuwa na haraka.

Nilikuwa nimeshapanda tena ndipo nikafahamu.

Nikarudi mbio, nikatoa amri. Askari akaisoma kwa utaratibu. Inasema ng'ombe asitoke bomani. Huyu ameshatoka. Ya kumrudisha haijasema. Nikamsihi. Akasema naye ni mtu, anaona, lakini kazi yake ni kusoma kilichoandikwa.

Nilifika kwa Mukhisa jua limekwisha kuzama. Mzee alikuwa amevaa koti la kanisani. Kuku alikuwa amechinjwa. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mgeni wa heshima, ilikuwa imewekwa pembeni tangu saa saba katika kisahani kilichofunikwa. Sasa kisahani kilikuwa kitupu. Mzee akasema alingoja, akangoja, mwishowe akaila mwenyewe huku akiona vibaya. Nanyama hakutoka jikoni. Nilisikia anachekecha unga. Hakuimba.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mimi hata mtoto sina, huyu mjukuu amenijia vipi?

Jumamosi, 28 Agosti. Kanduyi.

Nyange hakufika hata kwa Nyongesa. Alishikwa barazani kwa sababu ya gharama zangu: kesi, utekelezaji, pingamizi, chakula cha wazee, amri ya kumzuia asitoke. Ndiyo, nimelipishwa ya kumzuia na ya kumtoa. Jumla shilingi arobaini na moja. Leo ameuzwa mnadani.

Nilikuwa nimekwenda kumuaga tu. Nimempa chumvi yote. Watu walianzia ishirini. Mmoja wa viatu safi akasema arobaini na mbili, basi.

Absalom. Amelipa taslimu. Nimerudishiwa shilingi moja, pamoja na risiti.

Jumanne, 31 Agosti. Kitale.

Nyongesa ameleta habari. Absalom amepeleka mahari Kibabii, na ng'ombe wa kwanza kuingia bomani ni Nyange. Mukhisa amempokea. Kanisani wametangazwa mara ya kwanza. Nyongesa akaniambia Nanyama alimwuliza kama nakula vizuri. Akanisihi niache sasa, nimwache mke wa watu aolewe kwa amani, labda mwakani nitafute wangu. Akanishika bega. Nimelia, sifichi.

Kisha machozi yakakauka ghafla. Nyange yuko wapi? Katika boma la Mukhisa! Nyange ni wa nani? Ni wa mahari yangu! Nani alimlea? Nani alimlisha chumvi? Na sheria yetu inasemaje? Ng'ombe mmoja akilala bomani, ndoa ipo!

Nyongesa ametoka bila kuaga. Nimekimbia kwa Kagwe. Hata yeye ameweka kalamu chini kwanza, jambo ambalo sijapata kuliona. Kisha akasema ni hoja mpya kabisa na bei yake ni mpya. Nimeuza baiskeli. Tumeandika kurasa sita, na hati ya kuitwa barazani itapelekwa na askari hadi mkononi mwa Nanyama, Ijumaa asubuhi. Nimemwomba Kagwe aandike jina la mke wangu kwa herufi kubwa nzuri. Akiipokea tu, atajua jinsi ninavyompenda.