Sikio la Fedha

Tarehe 3 ya mwezi Adari, siku ya pili ya juma

Kigae kipya cha kuandikia, kalamu ya tete mpya, balaa jipya. Naanza na balaa.

Baba haoni vitu vya karibu. Hiyo ndiyo siri ya nyumba yetu, na nimeiandika kwa Kiyahudi makusudi. Kiaramu nilifundishwa na mjomba wangu karani, nakitumia kwa mambo ambayo hata nikikutwa nayo sioni haya. Ya aibu yote naandika kwa lugha ya bibi. Siku hizi Kiaramu changu kinaota kutu.

Baba yangu, Pelatia, ni mchongaji wa mihuri katika nyumba ya fedha, nyuma ya Hekalu. Muhuri ni kipande cha shaba kilichochongwa picha ya kuzama. Unaweka fedha juu yake, nyundo inashuka, picha inainuka kwenye fedha. Upande mmoja yungiyungi, upande wa pili bundi tuliyemwiga kwa Wagiriki, na pembeni yake herufi tatu za jina la nchi yetu. Yote hayo juu ya kitu kidogo kama punje ya dengu. Nimeona mamia, na bado kila nikishika kimoja napumua polepole kisije kikapeperuka.

Tangu mvua za kwanza, baba anaweza kuhesabu mbuzi walio mlimani ng'ambo ya bonde, lakini kidole chake mwenyewe ni ukungu. Mimi kinyume. Ngamia akisimama mlangoni naweza kumsalimia nikidhani ni shangazi. (Nimewahi.) Kitu kikiwa shubiri moja kutoka puani, naona unyoya juu ya unyoya. Kwa hiyo mihuri yote ya mwaka huu nimechonga mimi, Mibtahia, miaka kumi na mitano, darini, asubuhi jua linapoingia. Tunaojua ni watatu: mimi, baba, mama.

Sasa balaa. Mtunza hazina, Bwana Meshezabeli, anataka muhuri mpya kabla wageni wa Pasaka hawajafika. Baba atauchonga kwenye ua wa nyumba ya fedha, mbele ya watu, tarehe 12. Na pembeni yake atachonga Hatushi, mpwa wa Meshezabeli. Atakayeshinda atakikalia kigoda cha baba. Hatushi ndiye aliyechochea. Amesema hadharani kwamba tangu mvua hakuna aliyemwona Mzee Pelatia akishika patasi, labda siku hizi bundi wanajichonga wenyewe.

Watu wamecheka. Baba naye amecheka, masikini, ili asionekane hakucheka.

Siku tisa. Nina akili. Nitapanga.

Tarehe 5, siku ya nne

Mpango wa kwanza: kumponya baba.

Kwenye lango wanakouzia samaki kuna mama mmoja Mmisri mwenye dawa. Nilikaa nyuma ya kapu la dagaa muda mrefu nikisubiri watu wapungue, kwa sababu siwezi kusema mbele ya watu. Sauti yangu hujificha. Mwishowe yeye ndiye aliyenifuata, akaniuliza kama nimekuja kununua au kuoza pamoja na samaki. Nikanong'ona: macho. Akanipa asali iliyochanganywa na maji ya ini la mbuzi.

Tumempaka baba. Nzi wote wa Yerusalemu wamepata habari. Wamekuja na jamaa zao.

Jioni macho yamevimba. Sasa baba hata mbuzi wa mlimani hawaoni. Jirani amechungulia akauliza nani kampiga mzee. Mama amejibu ni nyuki, kisha akaniangalia kwa namna ambayo hata mimi niliiona, na alikuwa mbali.

Tarehe 6, siku ya tano

Mpango wa pili, huu ni wa kisheria kabisa. Mtu najisi haruhusiwi kuingia uani, kwa kuwa ua umeungana na Hekalu. Baba akiwa najisi siku hiyo, shindano litaahirishwa.

Anayegusa maiti ya mtu ni najisi siku saba. Maiti sina, na si jambo la kuazima. Nikaokota mjusi aliyekufa. Nikamweka ukingoni mwa rafu juu ya mkeka wa baba ili amwangukie, nijaribu leo kabla ya siku yenyewe.

Ile haikuwa rafu ya mkeka. Ilikuwa rafu ya jikoni.

Mjusi ameanguka kwenye chungu cha dengu zilizolowekwa. Mama akamchota na upawa akamrusha. Akaingia kwenye mtungi wa mafuta. Mama akamrusha tena. Akatua kwenye tanuri la mkate. Hajawahi mjusi kutembea hivyo akiwa hai.

Ameitwa kuhani wa mtaani. Amesema mjusi akigusa mtu, huyo ni najisi hadi jioni tu, ajifulie nguo basi. Ila chombo cha udongo alichoingia mjusi hakioshwi, kinavunjwa. Chungu, mtungi, tanuri, vyote. Baba hakuguswa hata kidogo. Alikuwa nje anawafukuza nzi.

Mama amevunja vyombo mwenyewe, kimoja baada ya kingine, taratibu, bila neno. Bora angenigombeza.

Faida: vigae vya kuandikia sasa ninavyo hadi mavuno.

Tarehe 9, siku ya kwanza

Jana Sabato, sikuandika. Naandika leo kwa sababu jana kulitokea jambo.

Uvimbe wa baba umepungua. Tulikaa juu ya paa, kama kila Sabato. Yeye hunisimulia mambo ya mbali: moshi wa Hekalu umeinamia upande gani, nani anapanda njia ya bonde na punda wangapi. Mimi humsimulia ya karibu. Jana nilimsimulia fedha ya Wagiriki anayoitunza kama kielelezo, ile kubwa, nzito, iliyovuka bahari. Bundi wake ana macho ya mviringo yanayokutazama bila kujali wewe ni nani. Nilimwambia pana nukta juu ya kila unyoya wa kichwa. Baba akaniambia nimesahau mstari wa nne shingoni.

Nikatazama. Nilikuwa nimeusahau kweli.

Alikuwa ameshika fedha ile na kupitisha kidole gumba juu yake. Kidole kile kinaona. Nikampa muhuri wangu wa wiki iliyopita. Akaupapasa akasema yungiyungi langu limelala kidogo kushoto, kama mtu aliyechoka kusubiri. Ni kweli. Nililichonga nimechoka kusubiri.

Niliogopa, lakini woga mzuri, kama ule wa kusikia tarumbeta za Hekalu alfajiri. Miezi yote hii nilidhani baba amebaki gizani, na mimi ndiye taa. Kumbe alikuwa mle ndani ya kitu chenyewe, anatembea mstari kwa mstari kama mtu katika nyumba aliyozaliwa.

Halafu akajikuna sikio, na mimi nikapata mpango wa tatu.

Bundi hawezi kumchonga kwa kupapasa: manyoya ni mengi mno, na akishika fedha ya Wagiriki mbele ya watu watajua haoni. Lakini mtu ana sikio. Mkono wa kushoto sikioni, mkono wa kulia kwenye patasi, muhuri umebanwa kwenye gogo. Sikio ni mistari minne, mitano. Linajaza fedha yote. Hakuna manyoya.

Nimemwambia baba. Amesema nimerukwa na akili, nani ameona nchi yenye muhuri wa sikio? Kisha mkono wake ukapanda wenyewe sikioni, ukakaa huko hadi jua likazama.

Tarehe 11, siku ya tatu

Tatizo: Meshezabeli ameagiza bundi. Lazima mtu amshawishi akubali sikio, na baba akibanwa husema ukweli. Basi ni mimi.

Nimetunga hotuba. Bundi ni wa Wagiriki. Mwewe ni wa watu wa Misri. Nchi yetu haina jeshi, haina merikebu, iko chini ya Mfalme wa Uajemi kama punje chini ya jiwe. Ina nini? Ina Yule anayesikia. Basi wekeni sikio.

Ni nzuri mno. Nimejisikia vibaya nilipomaliza. Nimemtia Mungu katika mambo yangu ya kigoda. Nimeomba msamaha mapema, kisha nikairudia mara ishirini mbele ya mtungi mpya.

Tarehe 12, siku ya nne

Nimerudi.

Uwanja ulijaa. Tanuri lilikuwa linanguruma, watu wawili wanakanyaga mivukuto ya kuupulizia moto. Walipofunua chungu cha kuyeyushia niliona fedha imeyeyuka. Sikuwahi kuiona hivyo, kwa sababu sijawahi kuthubutu kusogea. Ilikuwa na utando, kisha utando ukapasuka ghafla na fedha ikafumbuka kama jicho. Nilitaka kupiga magoti. Hatushi aliyekuwa karibu aliniambia: binti Pelatia, angalia usiungue nywele, baba yako atakosa wa kumshika mkono. Ananuka vitunguu saumu. Hilo ndilo jambo pekee ninalolijua kwa hakika kuhusu sura yake.

Nikamwona Meshezabeli. Mrefu, nguo nyeusi, amesimama peke yake kando ya ukuta. Nikaenda. Nikainama hadi chini, nikasema hotuba yote, macho kwenye vidole vyake vya miguu, sauti ikitoka kama ya mbuzi mchanga. Nilipofika "Yule anayesikia" uwanja ulikuwa umenyamaza.

Yule bwana akasema, kwa upole, kwamba yeye amesikia, dada yangu, lakini ameleta makaa tu.

Mleta makaa. Nguo hazikuwa nyeusi, zilikuwa chafu.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Alikuwa liwali wa nchi mwenyewe, kama alivyoninong'oneza mleta makaa, amekuja bila kutangazwa, yuko hatua tatu, na Meshezabeli yuko pembeni yake. Liwali akauliza binti huyu ni wa nani. Mtu mmoja akasema wa mchongaji. Liwali akasema basi na achonge hilo alilolisema, na kijana achonge bundi, tuone.

Baba akakaa, nami nikachuchumaa gotini pake. Mkono wa kushoto ukapanda sikioni. Akaanza.

Sikutegemea kilichofuata. Watu walidhani anasikiliza. Mmoja akamnyamazisha mwenzake: mwacheni mzee, anasikiliza. Wa mivukuto wakaacha kukanyaga. Uwanja mzima, makuhani, wabeba maji, liwali, wamesimama kimya, na hakuna sauti isipokuwa patasi ikila shaba. Baba alikuwa amefumba macho. Uso wake sijawahi kuuona hivyo. Nilijua ni mpango wangu, kila kipande nilikitunga mimi, na bado vinyweleo vya mikono vilinisimama.

Wakaweka fedha. Nyundo ikashuka mara moja.

Liwali akainama kando yetu, akakishika kipande kile kati ya vidole viwili. Sikio. Si la mtu fulani. Dogo, limetega. Akakitazama muda mrefu, akakisogeza mdomoni, nikadhani anataka kukiuma kama wanavyofanya wauza samaki. Hakukiuma. Alikinong'oneza kitu.

Bundi wa Hatushi alikuwa mzuri sana. Hakuna aliyemtazama.

Tarehe 19, siku ya nne

Baba yuko kwenye kigoda chake, na fedha zenye sikio zimeenea mjini.

Mama mmoja mjane sokoni kapewa kipande kimoja na muuza ngano, akajifunika shela, akakisemesha mpaka watu wakapanga foleni nyuma yake. Muuza ngano hakuthubutu kumharakisha. Makuhani wawili wanabishana kama jambo hili linaruhusiwa. Wa tatu ameonekana nyuma ya nguzo akinong'ona. Mama yangu, anayejua sikio hilo ni la nani, ambaye amelisafisha na kuligombeza miaka ishirini, nimemkuta jikoni kati ya vyungu vipya akilisemesha. Nikarudi nyuma kimyakimya.

Mimi nimechukua kimoja, nikapanda darini. Nilitaka kusema ukweli wote, kwamba nilidanganya. Nikakaa nacho. Ni chepesi kiasi kwamba kwenye kiganja nahisi baridi yake tu, uzito sihisi. Nilihisi ukweli tayari umejulikana.

Tarehe 24, siku ya pili

Hatushi amefanywa msaidizi wa baba. Anakaa ubavuni pake kutwa nzima.

Amekuja hadi mlangoni leo, akaomba kusema nami. Nilijificha nyuma ya mlango, tukazungumza kupitia ufa. Amesema anajua. Baba alimwomba patasi iliyokuwa mbele ya pua yake mwenyewe. Nikangoja kitisho. Hakikuja. Amesema alimwona mzee akichonga lile sikio na hajalala vizuri tangu siku hiyo. Amesema pia mayungiyungi ya mwaka huu si mkono wa mzee, ni mkono mwepesi zaidi, na yeye hajui kuchonga jani kama lile. Akaniuliza kama amwambie mjomba wake Meshezabeli. Kwamba baba aendelee na anayoweza kupapasa, nami nichonge madogo, kwa jina langu, wazi. Meshezabeli atanung'unika kisha atakubali, kwa kuwa hana mwingine mwenye mkono kama wangu. Alisema hivyo bila kejeli. Baba, aliyekuwa anasikia toka ndani, akasema kijana amesema kweli. Mama akasema kweli tupu.

Nilikaribia kukubali. Karibu kabisa.

Lakini mchana huohuo umekuja ujumbe: liwali anataka fedha nyingine, safari hii yenye picha ya kichwa chake mwenyewe, kama wakubwa wa Uajemi. Na papo hapo nikaona njia ilivyonyooka. Kwa nini tuseme ukweli sasa, wakati kuna mpango usio na hatari yoyote? Nitamweleza liwali kwamba kwa mafundi wakubwa wa ng'ambo ni desturi ya heshima mchongaji kumpapasa uso mteja kwa muda wa saa nzima, macho yamefumbwa, na asiyekubali picha yake haiishi karne moja.

Hotuba iko tayari. Liwali ana ndevu nyingi. Nimemwambia baba aanze kuosha mikono.