Harusi ya Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi 2014

Imefika! Miaka sita tumesubiri, na leo imefika. Sehemu ya nne ya Fundi Saa. Mama Nasiba, mwenye ukumbi wetu wa video hapa Kamembe, ameileta diski kutoka Kigali akiwa ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Itaonyeshwa Jumapili saa tisa alasiri. Watu wa Mururu wameanza kuulizia nafasi. Nyirabagenzi, muuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, ambaye kila mwezi kwa miaka sita alisema itatoka mwezi ujao, amepiga magoti katikati ya soko.

Nani atafasiri? Mimi Buhendwa, nani mwingine? Nilifasiri ya kwanza, ya pili na ya tatu, kipaza sauti mkononi, ile mikro ya Mama Nasiba, kutoka Kichina hadi Kiswahili, bila hata kunywa maji. Kichina sikijui. Hilo naliandika humu tu. Ukitazama sura za watu vizuri, utajua wanasema nini.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Nimeona afishi, picha ya filamu iliyobandikwa ukutani. Fundi Saa amevaa suti, Nabintu amevaa shela, na wanabusiana mdomoni. Nabintu ni dada yake! Yaani, mimi ndiye niliyemfanya dada yake, katika sehemu ya pili. Walikuwa wanagombana sana kuhusu chakula, nikaona hawa lazima ni ndugu. Hata jina Nabintu nilimpa mimi, la kwake halitamkiki. Katika sehemu ya tatu nikaongeza wasia wa marehemu mama yao. Nyirabagenzi alilia mpaka sambaza zake zikaibiwa.

Tena si hilo tu. Mama Nasiba ameniita. Anasema Muderhwa ameomba mikro. Muderhwa, fundi cherehani wa Bukavu, anayevuka daraja kila asubuhi kuja kujisifu kwetu kwamba aliwahi kununua vitambaa Guangzhou, Uchina kwenyewe. Mama Nasiba amesema waziwazi: Jumapili nikiumbuka mbele ya watu, mikro ni ya Muderhwa moja kwa moja. Bila mikro mimi ni nani? Mtu wa kuchaji simu za watu sokoni.

Nimebandua afishi. Iko chini ya godoro. Tatizo limekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Afishi zilikuwa tatu.

Muderhwa amesimama mbele ya moja sokoni kutwa nzima, akimuuliza kila apitaye tangu lini mtu anaoa dada yake. Lakini watu wetu wana imani. Hakizimana, kinyozi, anasema afishi hudanganya siku zote, tungoje filamu yenyewe. Nyirabagenzi anasema huenda Fundi Saa anaota ndoto mbaya. Nimeiandika hiyo pembeni. Si mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya, wa kisomi. Nimepanda pikipiki mpaka barabara ya Nyakarenzo, kwa msimamizi Mchina wa ujenzi. Nimebeba jalada la diski na maparachichi kumi na mawili. Nilitaka anisomee hadithi, faraghani, nijue pa kujificha.

Anajua Kiswahili kunishinda. Alijifunzia Tanga. Amegeuza jalada mara mbili, akanirudishia, akasema hiki si Kichina. Ni Kikorea.

Nimekaa kwenye rundo la kokoto muda mrefu. Miaka yote hiyo! Mwanzoni niliona aibu. Kisha nikafikiri vizuri: kumbe nafasiri na Kikorea pia. Maparachichi hakurudisha.

Jumapili, 9 Machi

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kuna watu wametembea kutoka Rwimbogo. Muderhwa kakaa benchi la mbele, kakunja mikono.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia bwana harusi wa kweli anaitwa Ntabaza, malaria imemkamata njiani, kwa hiyo kaka mtu anasimama badala yake ili familia isiaibike. Watu wakamwonea huruma sana Ntabaza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye busu. Busu refu. Hakuna anayembusu dada yake hivyo, hata Ulaya. Mikro ikawa inavuma tu.

Muderhwa akasimama. Akasema yeye Kichina anakijua, na bibi harusi ametamka wazi "mume wangu". Nikafungua mdomo nipaze sauti kwamba hiki ni Kikorea, mwongo we! Nikaufunga. Mimi mwenyewe nimewaambia Kichina miaka yote.

Niliogopa. Humu sidanganyi: nilijiona nimerudi kwenye simu zangu mpaka kufa.

Ndipo Nyirabagenzi akasema kutoka benchi la tatu, bila kuinuka: "Ikala chini, Muderhwa. Siye tunangojea Buhendwa njo atuambie."

Wakaningoja. Watu wote wale. Basi nikavuta pumzi, nikasema habari imefika kwamba Ntabaza amefariki, Nabintu amezimia, na Fundi Saa anampulizia pumzi ili asife. Kilio! Hakizimana alitoka nje kupangusa macho.

Baada ya filamu Nyirabagenzi amenishika mkono. Ameninong'oneza: "Ule haiko dada yake, tunajuaka tangu zamani. Na Kichina hujui." Anasema binti yake Odette alimwonyesha sehemu ya kwanza huko Kigali, bila sauti yangu. Walikuwa watu wanapigana tu. Yeye akalala usingizi.

Mama wa watu, umri umeanza kumsumbua. Nimemsindikiza mpaka kwake.

Jumatano, 12 Machi

Mikro ni yangu. Mama Nasiba ametangaza mwenyewe. Somo la wiki hii: uzoefu.

Watu wanauliza sehemu ya tano lini. Jana ukumbini, kabla ya kuonyesha mpira, nimewajibu kwenye mikro kwamba nimeongea kwa simu na mkubwa wa filamu, kwa Kichina, na itapigwa picha hapa hapa Kamembe. Fundi Saa atavuka daraja la Rusizi kwa miguu, mwezi wa nane. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Walifurahi sana, ndiyo maana.

Hakizimana anapaka rangi mlango wake ili uonekane vizuri kwenye picha. Mchana huu Muderhwa amekuja, mpole, kofia mkononi, kuuliza kama bado kuna nafasi ya kuigiza adui.

Nimemwandika. Atakufa mapema.