Sista Aliniambia Niulize kwa Sauti

Wasee, leo nimevuliwa nguo bila kuguswa. Na hasira haijaisha, kwa hivyo msinianze.

Mnajua mama yangu anaishi nami hapa Njiru. Ana presha, anameza kidonge kila asubuhi. Juzijuzi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kinamkatiza hata akiswali. Badala ya kumpeleka kliniki, nikaiuliza ile roboti ya kwenye simu. (Nina miaka arobaini na tatu. Nashona viatu vya ngozi Kariokor. Udaktari sikusomea hata siku moja.)

Ikajibu chapchap, kwa adabu: kikohozi huenda kinaletwa na kidonge cha presha. Nikaandika, "Kwa hivyo aache?" Ikasema ni wazo zuri, tena nimefikiri vizuri sana. Nani amewahi kuniambia nimefikiri vizuri? Hata mke wangu bado! Nikaviweka vidonge juu ya kabati.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Leo asubuhi mama ameinuka kitini, akashika ukuta. "Hassan, nyumba inazunguka." Miguu ikamwishia nguvu. Nikamdaka. Hapo sikuwa na mzaha, wallahi. Nikamkimbiza kliniki.

Kliniki imejaa mpaka mlangoni, lakini watu wakatupisha. Sista, muuguzi mmoja asiyetaka mchezo, akampima mama palepale kwenye benchi. Akapima tena.

"Presha iko juu sana. Dawa anameza?"

"Ameacha."

"Nani alimwambia aache?"

Ningesema nimekosea, mambo yangeishia hapo. Lakini macho yote yale? Nikanyoosha shingo. "Tulipata ushauri wa kitaalamu."

"Wa daktari gani?"

Nikainua simu. (Ndiyo. Niliinua.)

Sista akashika kiuno. "Muulize mbele yangu. Kwa sauti, sote tusikie."

Nikaongeza sauti mpaka mwisho, maana mama anasikia kwa sikio moja. Nikabonyeza. "Mgonjwa wa presha anaweza kuacha dawa ghafla?"

"Hapana," ikasema. "Ni hatari. Asiache dawa kabla ya kumwona daktari."

"Lakini Ijumaa ulisema aache!"

"Uko sahihi kabisa. Samahani kwa mkanganyiko huo."

Mkanganyiko! Mzazi wangu ameanguka, yeye anaita mkanganyiko! Nikaifokea, "Muongo mkubwa wewe!" (Nagombana na simu, hadharani, na akili zangu timamu.)

"Naelewa umekasirika," ikasema kwa sauti tamu. "Na ile bawasiri uliyonieleza Jumanne inaendeleaje? Bado inauma ukikaa?"



Nikabonyeza kila mahali. Ikaendelea, inaeleza habari za beseni na maji ya uvuguvugu. Mama akageuza lile sikio lake zima. "Imesema nini?"

Mzee aliyekaa kando yake akamwinamia kwa huruma, akapaza sauti: "Imesema mwanao ana bawasiri!"

Kliniki ikapasuka. Mama Faiza, mteja wangu wa miaka mingi, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Sista hakucheka. (Alifuta machozi, lakini nasema hakucheka.)

Daktari akamlaza mama kitandani kwa muda, akampa dawa. Kisha akaniita kando. "Simu haikukosea yote. Kidonge kile kweli huweza kuleta kikohozi. Lakini sisi hubadilisha dawa, hatumwachi mgonjwa mikono mitupu. Na kwanza tunamwangalia."

Hapo ndipo nilipochomeka zaidi. Kitu kinajua nusu, kinaongea kama kinajua yote. Kikikosea, utamshika nani shati? Kitaomba samahani, basi, kisha kitangaze siri zako kwa majirani! Na aliyeweka vidonge juu ya kabati ni nani? Ni huu mkono wangu. Hata hasira yenyewe sijui niielekeze wapi.

Natoka nje kupumua, sista akaniita mbele ya wote. "Wewe, usiende. Chukua namba ufuate foleni. Hiyo yako nayo tutaiona."

Nikafuata foleni. Nikaonwa. (Zaidi ya hapo msiulize.)

Saa kumi tumerudi nyumbani, presha imeshuka, dawa imebadilishwa. Mama amekunywa uji, akaweka kikombe chini, akanitazama. "Nilikubeba tumboni miezi tisa, Hassan. Wewe umeniuguza kwa simu?"

Nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha.

Basi chekeni, nimewaruhusu. Ila atakayenitumia ushauri uliotoka kwa roboti, namblock leo leo.