Arobaini na Tano ya Baba na Kiti cha Mlangoni

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari njema! Ndugu Clovis amehamia Florida kwa binti yake. Magoti yamemshinda. Ameacha wazi kiti cha mlangoni, yaani ukuu wa kikosi cha ulinzi cha kanisa letu hapa Cutler Creek, Oklahoma. Tuko kumi na mmoja, kila mtu na bastola yake chini ya koti la Jumapili. Kwa miaka yote tumekabili adui mmoja tu. Kicheche. Alishinda yeye.

Baba alikikalia kiti hicho miaka thelathini, bastola yake ya kaliba ya arobaini na tano kiunoni. Bastola ninayo. Kiti bado. Nakitaka kuliko nilivyotaka kustaafu.

Kikwazo: Garland, kaka wa mke wangu Nadine. Naye anakitaka! Anabeba kaliba ya milimita tisa, kitu cha kuwashia sigara. Mchungaji Hollis amesema mkuu mpya ataamua kaliba moja, yaani unene mmoja wa risasi, kwa kikosi kizima, ili tuweze kuazimana risasi. Jumatano, kwenye chakula cha kanisa, tutajieleza. Jumamosi, jaribio la shabaha.

Garland akaniuliza mbele za watu bastola yangu inabeba risasi ngapi. Saba, nikasema. Yake kumi na tano, akasema. Nikamwambia anayehitaji risasi kumi na tano anunue ufagio. Watu walicheka. Nadhani walikuwa upande wangu.

Nadine kasema, "Orvel, risasi ikikosa, kaliba yake ni sifuri." Mwanamke ana maneno huyu. Yeye hubeba kibastola cha thelathini na nane kwenye mkoba, katikati ya pipi na miwani. Sikubishana naye.

Jumanne, 7 Oktoba

Nina mpango. Ushahidi wa kisayansi!

Wataalamu hupima risasi kwa kufyatulia donge zito la jeli, eti linafanana na nyama. Jana jioni dukani kulikuwa na jeli ya kula ya ndimu tu. Nikanunua pakiti arobaini. Nikaichemsha nzito, nikaimimina kwenye sufuria ya Nadine ya kuokea bata mzinga. Asubuhi ilikuwa tayari: kijani, kubwa, inatikisika kama shemasi anayecheka.

Nikaipeleka malishoni, nikaiweka mbele ya kilima. Hatua kumi. Risasi saba. Kishindo! Ng'ombe wa jirani walihama. Nilipokagua sikuona tundu. Nikashtuka kidogo. Kisha nikaelewa: nguvu ya arobaini na tano ni kubwa mno, risasi imepita na jeli ikajifunga yenyewe nyuma yake. Ajabu ya kaliba.

Friji yetu imejaa nyama ya kulungu na bamia. Nimeihifadhi jeli kwenye friji ya kanisa, rafu ya chini, nyuma ya maziwa. Sikuandika jina. Siri ni siri.

Jumatano, 8 Oktoba

Wameila.

Wameila yote! Dada Maybelle, mkuu wa jiko tangu nikiwa nanyonya, aliiona, akadhani ni mchango wa mtu. Akaikata vipande, akaweka nanasi, jibini na krimu juu. Nilipofika, Mchungaji Hollis alikuwa kwenye sahani ya tatu. Anasema ni jeli yenye msimamo, mtu anaitafuna mpaka anatubu.

Ningenyamaza. Lakini zamu yangu ya kujieleza ikafika. Nikasimama, nikatangaza kwamba jeli iliyomo matumboni mwao ilipigwa jana na risasi saba za arobaini na tano, na kwamba matundu hayaonekani kwa sababu ya nguvu.

Uma zikashuka.

Dada Maybelle akasema kwa upole kabisa, "Orvel, mwanangu, mimi niliipindua kwenye sinia, nikaitazama juu na chini. Haikuwa na mkwaruzo. Ingekuwa na tundu ningeweka cheri."

Garland alicheka mpaka akashikilia meza. Akaniuliza, jamani shemeji, jeli ilikuwa inakimbia? Mashemasi nao! Mchungaji akaomba kufunga kwa sala, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nikala kipande kilichobaki. Kitamu, kusema kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kifundo cha mkono kinauma. Bastola ya baba ina teke. Nadine kanikanda kwa dawa ya farasi.

Garland alikuja kunikejeli. Akanipa tisa yake, nijaribu tu, hakuna atakayejua. Tukaenda kilimani. Nikafyatua kumi. Kumi zikaingia kwenye kopo la maharage.

Bahati tupu. Haina teke, mtu hajui hata kama amefyatua. Garland akasema, "Umeona sasa?" Nikasema nimeona kopo bovu. Kanitazama kwa huruma, nikamchukia mpaka Nadine alipoleta pai.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jaribio. Risasi ishirini, kufaulu ni kumi na sita.

Mimi: kumi na moja. Upepo.

Garland: kumi na nane. Akaanza kupokea pongezi kabla hajapewa. Hapo Nadine akafika na kikapu cha mikate ya nyama. Mchungaji, kwa utani, akamwambia naye ajaribu. Nadine akajifuta mikono kwenye aproni, akaondoa pipi, akatoa kibastola. Anajaza tano tano, bila haraka, kama mtu anayemenya njegere.

Ishirini kati ya ishirini. Zote ungezifunika kwa kisosi.

Garland alibaki mdomo wazi. Hiyo peke yake ilitosha kunifurahisha wiki nzima. Mashemasi wakateta dakika moja, wakampa Nadine kiti. Amri yake ya kwanza: hakuna kaliba moja, kila mtu abebe ile anayolenga nayo sawasawa. Ya pili: Ndugu Orvel alinde maegesho ya magari, na mwavuli, mpaka afaulu mwezi ujao. Akaninong'oneza nitumie tisa.

Jumapili, 12 Oktoba

Maegesho si mabaya. Nina koti la njano linalong'aa. Watu wote wananisalimu. Dada Maybelle anaomba maelekezo ya kupika ile jeli.

Kupitia mlango wa kioo nikamwona Nadine kwenye kiti cha baba, mkoba magotini, akimkagua kila anayeingia. Moyo uliniuma. Halafu ukafurahi. Baba angempenda pale.

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kumi na moja kati ya ishirini. Kosa liko wapi? Kwa Garland liko wazi: ana mdomo. Kwangu nalo limejifunua wakati wa wimbo wa pili. Arobaini na tano ni ndogo mno! Ipo ya hamsini, wanayobeba watu wa Alaska kwa ajili ya dubu. Tundu lake ni pana; risasi inayokosa kidogo haikosi tena. Nimeshaagiza. Pia pakiti sitini za jeli, cheri safari hii, na nitaandika jina.

Nadine kaniuliza njiani natabasamia nini. Nikamwambia, mahubiri.