Mjomba Shimo na Leseni ya Bi Eila

Lorne Marchildon aliiona riziki yake mpya akiwa na andazi mdomoni. Alikuwa amejibanza pembeni katika mkahawa mmoja wa Thunder Bay, mji aliouingia juzi kwa haraka ya mtu aliyeacha wazee wa watu kule Sault Ste. Marie wakiitafuta kambi ya uvuvi waliyonunua hisa zake. Kambi hiyo haikuwapo popote duniani ila kinywani mwa Lorne. Fedha zao zilikuwapo, tena zimetulia ndani ya koti lake, upande wa moyo.

Meza ya pili, mwanamke wa makamo aitwaye Orysia Hnatiuk alikuwa anamlilia mhudumu.

"Watoto wangu wa kulea wameondoka wote, mwenzangu. Wazazi wanakuja, wananikumbatia, wananipa kadi yenye moyo mwekundu, halafu huyoo, mtoto anapelekwa kituo chenye leseni. Kule serikali inalipa karibu gharama yote. Mzazi anabaki na hela ya supu tu. Mimi nishindane na serikali kwa lipi? Kwa kuimba?"

"Si na wewe uchukue leseni?"

"Leseni hupati mpaka wakala wa malezi, lile shirika linalosimamia nyumba za walezi, ukupokee, na wakala haukupokei mpaka nyumba yako ing'are kama hospitali. Hata Eila Koskela, aliyelea nusu ya mji huu, wamemwambia bado. Na akifunga Eila, sote tumekwisha. Sisi tunamfuata yeye kama vifaranga."

Lorne akaacha kutafuna.

Tuseme kweli bila kumung'unya. Serikali ilikuwa imefanya jambo jema: malezi ya watoto yameshuka bei mpaka mama wa kawaida anaweza kurudi kazini bila kuuza figo. Ila jambo hilo jema lilikuwa na mlango mwembamba, na wanawake waliokuwa wakilea watoto sebuleni mwao, bila leseni lakini kwa ruhusa kamili ya sheria, walijikuta nje. Bei yao ya miaka yote ghafla ikaonekana unyang'anyi. Hakuna aliyewafukuza. Waliondolewa wateja tu, kwa upole mkubwa, na shukrani juu.

Lorne hakuona uchungu wowote hapo. Aliona watu wanaolia mlangoni, na mtu anayelia mlangoni hununua ufunguo wowote utakaomwonyesha. Kabla ya adhuhuri alikuwa na kadi mpya mfukoni: Wakala wa Malezi, Mwanga wa Kaskazini. Ataanza na huyo Eila. Akimnasa mama bata, vifaranga watajileta.

Alifika saa saba mchana, akabonyeza kengele ya mlango kwa kidole cha mtu mwenye mamlaka. Aliposubiri kidogo, akabonyeza tena.

Maskini wa Mungu. Saa saba ni saa ya usingizi. Katika kazi ya kulea watoto wadogo unaweza kusamehewa karibu kila kosa, lakini kengele saa ya usingizi, hapana. Mkaguzi wa kweli hukuna mlango kwa ukucha. Mtu wa wakala wa kweli husimama dirishani akipunga mkono mpaka aonekane, hata theluji ikimfika magotini. Mtu yeyote aliyewahi kuifanya kazi hii hata kwa wiki moja angemtambua mbonyezaji yule kama unavyomtambua mlevi kwa harufu.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa Kifini, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kwa kitambaa, alisimama na mtoto anayepiga kelele kiunoni. Nyuma yake wengine wawili walikuwa wameanza kuitikia.

"Nani amekufa?" aliuliza Bi Eila.

"Hajafa mtu, mama. Nimekuletea uhai. Mimi natoka wakala wa malezi. Maisha yangu yote nimeyatoa kwa watoto."

Bi Eila akaitazama kengele. Akakitazama kidole cha Lorne.

"Na umebonyeza hii."

"Mara mbili. Nilidhani hukusikia."

"Ingia, mwanangu," alisema Bi Eila, na tabasamu lake Lorne alilichukulia kuwa heshima. "Ingia ndani tuongee."

Alimwekea kahawa na mkate mtamu wa iliki. Lorne akamwaga sera: wakala wake utampokea, serikali italipa, wazazi watarudi wakikimbia. Kinachotakiwa ni ada kidogo tu ya kufungulia jalada.

"Sina," alisema Bi Eila. "Nimebaki na hawa watatu, na nao wazazi wao wananikwepa macho. Wakiondoka, nauza nyumba nihamie kwa dada yangu. Na dada yangu, mwanangu, anapiga kodiani alfajiri."

"Pole sana."

"Mimi siumii kwa ajili yangu. Naumia kwa wazazi. Foleni ya nafasi za ruzuku ni ndefu, msichana anajiandikisha kabla hajapata mchumba. Jana mmoja amenishika mkono, akaniambia: Bi Eila, siku ukipata leseni nianzie mimi, nitakupa chochote sasa hivi. Nikamwambia aone haya."

Kikombe cha Lorne kikasimama hewani. "Wako wengi kama huyo?"

"Mji mzima."

"Na unawakataa?"

"Hata nikikubali! Mzazi wa siku hizi hatoi kitu kabla hajakagua. Akishuka chumba cha chini wanakolala watoto, akaliona dirisha lile, anageuka na mtoto wake."

Wakashuka kuliona. Lilikuwa dirisha ambalo paka angepita kwa kubembelezwa. Mtu mzima, nyumba ikishika moto, angebaki humo na sala zake. Hapakuwa na king'ora cha moshi cha maana, ngazi hazikuwa na kigeti, na uzio wa nyuma ulikuwa umelala chali tangu kipupwe cha mwaka juzi.

Lorne alipiga hesabu tamu kuliko zote alizowahi kupiga. Hawa wanawake wamekauka, utawakamua nini? Lakini wazazi! Wazazi wa mji mzima, wamekata tamaa, na mishahara yao mkononi. Anachohitaji ni nyumba moja nzuri ya kuwaonyesha, siku moja ya kukusanya amana, na petroli ya kumtoa mjini.

"Mama Eila," alisema, mkono kifuani, "wakala wangu utagharamia kila kitu."

Bi Eila akageukia ukuta haraka, mabega yakimtetemeka. Lorne alidhani analia.

Fundi aliyeitwa kupanua dirisha alitaja bei iliyomfanya Lorne atafute kiti. Kwa hiyo alinunua sururu, achimbe mwenyewe nje ya dirisha lile lililozama ardhini. Ardhi ya Thunder Bay mwezi Machi si ardhi, ni chuma kilichopakwa matope. Kila pigo lilimrudia Lorne mpaka kwenye magego. Watoto walitolewa nje kumtazama, wamevimba ndani ya mavazi yao ya theluji kama mito ya kulalia, na wakampa jina siku hiyo hiyo.

"Mjomba Shimo! Mjomba Shimo amechoka!"

"Hajachoka," alisema Bi Eila, akipitia pua zao kwa kitambaa. "Anapumzika kabla ya kuongeza upana."

Orysia alipita akaegemea mti. "Kaka, unazika nini hapo?"

"Nasaidia jamii, dada."

"Basi isaidie zaidi upande wa kushoto. Jamii ni nene."

Kila Lorne alipodhani amemaliza, Bi Eila alikumbuka kitu. Wazazi wa siku hizi wanaulizia mtungi wa kuzimia moto. Wazazi wa siku hizi wanapima joto la maji ya bomba. Wazazi wa siku hizi, sijui wamelelewaje, wanataka kabati la dawa lenye kufuli. Lorne alinunua, akafunga, akapaka rangi, akasimamisha uzio. Koti lake lilizidi kuwa jepesi. Siku moja alikabidhiwa mtoto aliyelala, akamshika kama mtu anayeshika bomu, na akakaa hivyo kochini bila kukohoa mpaka Bi Eila aliporudi kutoka sokoni na mfuko mmoja wa vitunguu, bila haraka hata kidogo.

Senti ya mwisho ya wazee wa Sault Ste. Marie ilinunua kitasa cha kigeti cha ngazi. Lorne hakujali. Jumamosi wazazi wanakuja.

Na walikuja kweli. Walijaa sebuleni, ngazini, mpaka chumba cha chini, wote kwa soksi, buti zao zikiwa kichuguu mlangoni. Kule chini, karibu na dirisha jipya, Lorne akapanda juu ya kiti cha mtoto.

"Ndugu wazazi! Nafasi ni chache, mapenzi ni mengi. Amana ndogo tu, mkononi, na jina la mwanao linakaa mbele ya foleni."

Pochi zikaanza kufunguka. Baba mmoja mwenye mabega mapana alikuwa tayari ameitoa bahasha.

"Samahani," ilisema sauti kutoka dirishani.

Mwanamke mfupi mwenye kitambulisho shingoni alikuwa huko muda wote, akipima fremu kwa utepe, akibofya ving'ora, akivuta kigeti.

"Naitwa Wanda Pelkey. Natoka wakala wa malezi, ule wenye ofisi; Bi Eila ndiye aliyeniita. Bi Eila, maombi yako yalikwama kwa sababu ya nyumba tu, na nyumba sasa sina la kusema. Karibu kundini. Wazazi watalipa bei ya ruzuku kama kwingine." Akamgeukia Lorne. "Ila katika nyumba yenye leseni, hakuna kuchukua hata senti ya kumweka mtu kwenye foleni. Ni kosa. Wewe ni nani?"

"Mjomba Shimo!" watoto wakajibu kwa pamoja.

Zipu za pochi zikafungwa mfululizo, kama nzige wanapita.

"Anakuja hapa mara kwa mara?" Bi Pelkey aliuliza.

"Kila siku," alisema Bi Eila. "Kwake hapa ni nyumbani."

"Basi lazima apeleke alama za vidole polisi wamchunguze. Ni sheria kwa kila mtu mzima anayeshinda na watoto."

"Mimi ni konstebo, nina zamu leo kituoni," alisema yule baba mwenye mabega, akiirudisha bahasha kotini. "Nitakupa lifti, bwana. Ngoja nitafute buti zangu."

Lorne akamtazama Bi Eila. "Bibi," alinong'ona, "umeniingiza mjini."

"Mimi? Mimi ni mlezi tu, mwanangu." Alimpigapiga begani kama alivyowapigapiga wote. "Tunafundisha watoto kugawana vitu vyao. Wengine wanachelewa, lakini wanajifunza."

Konstebo alikuwa bado ameinama kule juu mlangoni, kwenye kichuguu cha buti. Lorne alijisogeza kinyumenyume, kwa adabu, mpaka kwenye dirisha. Akalifungua, akaingiza kichwa, kifua, tumbo lote la mikahawa, na akatoka upande wa pili bila kukwaruza hata kifungo.

Bi Pelkey alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo ndilo lilikuwa limebaki. Sikuwa nimeona mtu mzima akipita."

Nje, Lorne alikuwa amezama kwenye theluji ya maji mpaka vifundoni, kwa soksi, akihangaika na komeo la uzio ambalo yeye mwenyewe alilichagua kwa sababu halifunguki kirahisi. Gari lilikuwa ng'ambo ya barabara. Funguo za gari, akakumbuka sasa, alizitumbukiza ndani ya buti asije akazipoteza.

Kichwa cha Orysia kikajitokeza dirishani. Mkononi alikuwa ameinua buti ya kushoto, anaichezesha, na ndani yake kitu kinalia chwe chwe.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, akitupa jicho nyuma yake, "konstebo bado anatafuta zake. Mlango wa uani wa kwangu uko wazi, na kahawa iko motoni." Akashusha sauti zaidi. "Dirisha langu ni dogo kuliko la Eila. Lakini ardhi yangu, haki ya Mungu, ni laini."