Uzinduzi wa Maabara ya Minyororo ya Sukari, Sirisia

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye leo ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Sukari za Ndani ya Mwili, ambaye pia ni mimi. Maaskofu, machifu, wazee wa mitaa, washikadau wote wa Bungoma na Kitale, mlio kwenye viti na mliosimama juani: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Hatujambo, bana!)

Mimi, Khaemba, nimekuja kuzindua Maabara ya Minyororo ya Sukari, ya kwanza upande huu wa dunia. (Makofi. Sauti: "Ati sukari itashuka bei?") Hapana, mzee, si ya chai. Daktari Fridah, yule pale, ameniandikia hapa kwamba ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo vilivyoujenga mwili wako, protini ikiwa bado inatengenezwa huvishwa mnyororo wa sukari. Na mnyororo huo hujengwa kando, sukari kwa sukari, ukishikiliwa na mafuta ya kwenye utando, halafu hukabidhiwa protini ukiwa mzima. Kisha seli hupunguza sukari za nchani na kukagua: protini iliyojikunja vibaya hairuhusiwi kutoka. Mnaona? Hiyo ni serikali kamili! Kuna tenda, kuna ukaguzi, kuna kupunguza. Sisi kwenye kamati tayari tumetekeleza kupunguza, asilimia mia moja na kumi! (Kicheko.)

Tatizo ni pale fundi mmoja wa seli, yaani kimeng'enya cha kujenga mnyororo, anapokosekana tangu kuzaliwa: mnyororo hutoka pungufu, protini haifanyi kazi yake, na mtoto hukawia kukaa, hukawia kutembea. Ndiyo maana nimemwalika Mama Chelangat, aliyetoka Kitale na binti yake Sandra mgongoni. Simama, mama, wapiga picha wakuone! (Makofi.)

("Mheshimiwa, uliniambia damu ya mtoto itapimwa leo. Huyu ni mkubwa na shingo bado haijakaza. Mashine ni ipi?")

Swali la uwajibikaji hilo! Mashine ni ile pale, chini ya kitambaa chekundu. Lakini kabla ya kupima kuna mfumo, kuna wakshop, kuna ziara ya mafunzo tuliyofanya ufukweni Mombasa... Mama, keti. Mama, usiisogelee, ina miale! ("Miale gani na haijachomekwa kwa stima?") Askari, msaidie mama aketi! (Askari anatazama viatu vyake. Mama anavuta kitambaa. Sauti: "Si hii ni friji ya soda!")

Wananchi, msikubali kuvunjwa moyo na maadui wa maendeleo! Semeni nami: Mnyororo juu! (Watu wanaitazama friji.) Sukari ndani ya seli! (Sauti: "Na wewe ndani ya seli!" Vifijo.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Wabwile wa duka, ambaye anaomba friji yake kabla soda hazijachemka. Naishukuru shule kwa darasa hili, ambalo Jumatatu watoto watalirudia. Na fundi aliyeandika neno "Maabara" kwa chaki, ili lifutike bila gharama. Lakini Daktari Fridah, mbona unampakia Mama Chelangat kwenye gari langu?

("Tunampeleka Sandra Nairobi akapimwe damu, Mheshimiwa. Na gari ni la wananchi.")

(Makofi, vigelegele, watu wote wamesimama.)

Asanteni! Asanteni sana kwa kunipenda hivi!