Gari la Sentimita Tano na Milimita Mbili

Ijumaa, 24 Januari

Nimepoteza gari langu. Leo, kati ya saa sita na robo na saa saba na nusu mchana. Pikapu nyekundu, milango minne, ya bati. Urefu sentimita tano na milimita mbili. Nililipima kabla ya kulipia, maana soko la Alasita, la vitu vidogo vidogo vya bahati, limejaa matapeli wanaouza magari ya sentimita nne na nusu.

Nilifanya kila kitu sawasawa. Saa sita kamili, kengele za kanisa zikilia, nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya mganga. Akalipitisha kwenye moshi mara tatu, akalinyunyizia pombe, akalimwagia maua. Kila mtu La Paz anajua: nunua kitu kidogo saa sita ya leo, kikubwa kitakufikia kabla ya mwaka kwisha. Miaka kumi na tisa nasafirisha keki zangu kwa miguu na kwa vibanda vya kebo vinavyoning'inia angani. Nikasema basi, mwaka huu naendesha.

Nikanunua na zabibu kavu kilo tatu, zote nikazitia kikapuni pamoja na gari. Nikapanda kebo kurudi kwetu El Alto, mlimani juu ya mji, na Fulgencia, jirani yangu, mama wa ubatizo wa binti yangu. Tunaitana komadre. Alikaa mkabala nami, shuka lake kubwa magotini. Kufika nyumbani, zabibu zipo, mfuko umepasuka kidogo ubavuni (nimeuziba kwa plasta). Gari hakuna!

Komadre akanipa pole. Akasema halijapata hata injini na nimeshasahau nilikoliegesha. Akacheka sana. Nimezihesabu sekunde. Kumi na moja.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekagua kikapu, mifuko ya sketi zote, chini ya jiko. Nikaenda stesheni ya kebo kuripoti. Dada wa dirishani akachukua fomu vizuri tu. Akauliza rangi, akaandika. Akauliza milango, akaandika. Akauliza urefu. Akaweka kalamu chini, akamwita mtu wa nyuma yangu.

Nikarudi kwa mganga. Habari mbaya. Anasema gari ulilojinunulia mwenyewe lina nguvu nusu. La kupewa ndilo lenye nguvu kamili. Nikamuuliza, na la kuokotwa? Akaomba sigara, akafikiri hadi ikaisha, akasema baraka hufuata mkono ulioshika.

Kwa hiyo sasa hivi kuna mtu mjini humu anasubiri gari langu.

Jumatatu, 27 Januari

Saa nne asubuhi, honi. Natoka. Don Saturnino, mume wa komadre, kwenye usukani. Pikapu. Nyekundu. Milango minne!

Siku tatu tu!

Komadre anasema wamedunduliza miaka sita, kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kopo akanionyesha. Mtu asiye na hatia hatembei na kopo.

Wakalipamba gari kwa maua, wakamwagia magurudumu bia, wakaalika mtaa mzima. Nilihudhuria ili kukusanya ushahidi. Sahani mbili za nyama ya nguruwe. Walipoanza kucheza ngoma nikatoa futi kamba, nikapima kutoka bampa hadi bampa. Mita tano na sentimita ishirini.

Mara mia ya langu. Mia kamili! Nani atanibishia?

Jumanne, 28 Januari

Nimemwambia komadre ukweli, kwa utulivu, na hesabu nikamwekea mezani. Sikudai gari lote. Nilidai Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku tatu kati ya saba. Yeye abaki na nne, kwa kuwa ndiye anayeweka mafuta.

Alicheka mpaka akaona sicheki. Kisha akasema: “Miaka yote hii nakupakatia keki, komadre, leo unaniita mwizi wa mdoli?”

Nikamrekebisha. Si mdoli, ni pikapu.

Akafunga mlango. Jioni hakuleta mkate. Ni mara ya kwanza tangu tuwe majirani. Nimekula biskuti. Ekeko, kibwana wetu wa plasta wa bahati, nimemwashia sigara yake kama kila Jumanne. Amevuta nusu ikazimika. Hata yeye.

Alhamisi, 30 Januari

Keki ya harusi ya Yovana, ghorofa tatu, ya Jumamosi, ukumbi uko kule chini mjini. Nimechanganya unga dirishani ili nisipoteze muda. Pikapu imetoka mara saba. Mara nne ni kwenda kununua mkate. Mita mia mbili! Nilipomimina zabibu, mwiko ukagonga kitu kigumu. Kijiwe, bila shaka. Wauza zabibu wa siku hizi! Sikuinamia bakuli, maana pikapu ilikuwa inarudi nyuma na nilitaka kuona kama itagonga ukuta. Haikugonga.

Tatizo: ghorofa tatu, mikono miwili. Siku zote ghorofa ya juu hupakatwa na komadre. Peke yangu kwa kebo ni kushuka mara tatu, kupanda mara mbili, kila safari dakika arobaini na nane. Saa nne. Krimu haina saa nne.

Jioni don Saturnino akaja, kofia mkononi. Anasema amri imetoka kwa mkewe: keki haina kosa, ipelekwe na pikapu. Nikakubali kwa sharti moja. Nikae nyuma, upande wa kulia, kama mwenye gari. Akaniambia sawa, mkurugenzi.

Jumamosi, 1 Februari

Muda wa saa mbili na dakika kumi barabarani! Kona, foleni, maandamano ya tarumbeta, foleni tena. Sehemu moja tulisimama dakika ishirini, vibanda mia moja vya kebo vikatupita juu ya vichwa. Nilivihesabu. Katika kimoja alikuwepo mtu anakula aiskrimu.

Komadre alikaa mbele, ghorofa ya juu kaipakata. Kwenye kona kali don Saturnino akakanyaga breki, ghorofa ya pili ikaniteleza. Komadre hata hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akaidaka kwa kiganja, akaishikilia hivyo hivyo mpaka tukafika. Dakika arobaini. Nilimwambia anashika chini mno.

Ukumbini nikaziba majeraha kwa krimu. Dakika kumi na nne, hakuna aliyejua.

Yovana akakata ghorofa ya chini. Kisu kikalia ka! Bati.

Akachomoa kitu, akakifuta krimu, akakiinua juu. Pikapu. Nyekundu, rangi imebabuka kidogo, milango minne, zabibu moja imenasa kwenye kioo cha mbele.

Ukumbi mzima ukageuka. Kisha makofi! Bibi wa bwana harusi akalia machozi, akasema hajawahi kuona mpishi mwenye moyo kama huu: gari lililobarikiwa, tena la kupewa! Yovana akanibusu mashavu yote mawili. Gari likapita mkono kwa mkono, likaishia mfukoni mwa bwana harusi, likafungiwa kitufe.

La kupewa. Nguvu kamili.

Komadre akaniinamia sikioni. Akauliza lile aliloiba yeye alirudishe lini. Nilikuwa na keki mdomoni.

Jumapili, 2 Februari

Asubuhi komadre kaja na mkate, wa moto bado. Akakaa. Akanitazama, akingoja. Mkono wa kulia kaufunga kitambaa, mishipa imekaza.

Nilijua anangoja nini. Nikammiminia chai, nikamwambia nimemsamehe.

Akauliza kwa kosa lipi. Nikamwambia angenikumbusha kuangalia kwenye zabibu, haya yote yasingetokea. Alicheka mpaka akashikilia meza kwa mkono wa kushoto. Kisha akauliza keki ya ubatizo ya Jumamosi ijayo tutaipelekaje. Nikasema kebo, kama zamani, yeye ghorofa ya juu. Akasema ghorofa ya juu nitapakata mimi, mkono wake unauma. Haya.

Mchana wote nimeandika barua. Komadre akataka kujua ataipeleka nani. Wewe, nikamwambia, si una gari? Nakala naiweka hapa:

Wapendwa Yovana na mumeo. Hongereni tena. Lile gari lilikuwa langu, na kwenye keki liliingia kwa bahati mbaya. Siombi mlirudishe. Lakini kubwa litakapokuja, litakuwa na milango minne, na ninyi mko wawili. Nataka jibu la moja kwa moja, ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa tarehe 7, saa sita kamili mchana: mlango wa nyuma wa kulia ni wangu?